Jikedume: neno la zizini lililoingia kibanda umiza

Kiswahili hakina haraka ya kujua wewe ni nani. Ukisema "amefunga", msikilizaji hajui kama mfungaji ni Juma au Asha, na mpira unaendelea. Ngeli zetu hazina ke wala me. Ukitaka kuitaja jinsia ya mtu mbele za watu lazima utafute neno la ziada, na kwa kutafuta maneno, jamani, mashabiki wa mpira hawajambo.

Hapa Kihesa, kwenye vibanda umiza, yapo ya kutosha. Mechi ngumu ni "mechi ya kiume". Beki anayeogopa kugongana anaambiwa aache mambo ya kike. Na dada mwenye mbio, mabega na shuti la maana anaitwa jikedume.

Jike na dume ni maneno ya zizini: mbuzi jike, mbuzi dume. Binadamu kuitwa hivyo tayari ameshushwa kidogo. Hata hivyo neno lilikuwa na heshima yake. Mama aliyepasua kuni mwenyewe, akajenga, akasomesha, majirani walisema "yule mama ni jikedume" na walimaanisha sifa. Sifa yenye kasoro, sawa, maana inadai nguvu ni mali ya wanaume. Lakini hakuna aliyemtaka mama huyo athibitishe chochote.

Habari ya kuthibitisha ililetwa na michezo. Rio, 2016, mita 800 wanawake: dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Waafrika watatu jukwaani, na watu wakaanza kukagua mataya na mabega yao. Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia likatangaza kanuni: wanawake ambao miili yao kwa maumbile hutoa testosteroni nyingi waipunguze, la sivyo wasikimbie mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja.

Kwetu ilikuwa Agosti 2021, Ikulu, Dar es Salaam, kwenye hafla ya vijana wa kiume waliotwaa kombe la CECAFA chini ya miaka 23. Rais Samia alisema wachezaji wa kike wenye vifua bapa, ukiwapanga mstari, unaweza kudhani ni wanaume, akagusia na habari za ndoa. Alikosolewa, ndani na nje. Mimi naona kauli ile ilikipa kibanda ruhusa. (Mwaka uliofuata Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Kuna neno "fundi", halijali jinsia. Lingetosha kabisa.)

Siku hizi jikedume likitamkwa, swali linafuata nyuma: huyo ni mwanamke kweli? Wambui na Niyonsaba hawakubadili jinsia. Walizaliwa wakalelewa wasichana. Kibanda hakitofautishi. Dada mwenye misuli, huntha, mtu aliyebadili jinsia, wote wamo kwenye neno moja. Wa kwanza anaweza kujibu kwa goli. Wa mwisho hana goli la kufunga, na swali hilohilo linamngoja benki, hospitali, popote panapotakiwa kitambulisho.

Kenya, Audrey Mbugua alilipeleka mahakamani. Alifanya mtihani wa sekondari mwaka 2001 kwa jina la kiume. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Miaka 13 tangu mtihani, na maksi zilikuwa zilezile.

Wengi hawafiki mahakamani. Wanalipa kiingilio kama sisi, wanakaa benchi la nyuma, na beki wa Twiga Stars akiitwa jikedume wanacheka pamoja na wengine, tena kwa sauti, ili mtu asigeuke kuwatazama.