Kiti cha magurudumu nacho kinafundishwa

Leo tunaongea historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona siku ya ugawaji tu: kiti cha magurudumu.

Kiti kinachokunjwa, kama tunavyokijua leo, kilianzia kwenye ajali ambayo sisi watu wa nchi ya shaba hatuhitaji kuelezewa. Mwaka 1918 Mmarekani mmoja, injinia wa migodi Herbert Everest, alivunjika mgongo mgodini. Viti vya wakati ule vilikuwa vizito na havikuingia ndani ya gari. Yeye na rafiki yake Harry Jennings wakatengeneza kiti chepesi cha mabomba ya chuma, chenye kukunjwa, na mwaka 1933 wakafungua kampuni ya kuviuza.

Kiti kikapatikana. Kufundisha watu kukitumia kulichelewa.

Mwaka 1944, kule Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alifungua idara ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Guttmann naye alikuwa mkimbizi: Myahudi aliyeihama Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 pamoja na mke na watoto wake. Siku zile watu wa namna hiyo waliachwa kitandani mpaka vidonda viwamalize. Yeye aliamuru wageuzwe kila baada ya saa chache, kisha akawatoa nje kwenye michezo. Tarehe 29 Julai 1948, wagonjwa 16 walishindana kupiga mishale wakiwa vitini. Ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki.

Mwaka 1996, mjini Halifax, Kanada, daktari Lee Kirby na wenzake walianza kupanga mafunzo hatua kwa hatua: kufunga breki, kugeuka, kupanda ukingo, na kukaa juu ya magurudumu makubwa mawili, yale madogo ya mbele yakiwa hewani. Hili la mwisho linaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini kwenye mchanga na mashimo yetu, magurudumu madogo ndiyo yanayokwama. Mwalimu husimama nyuma ameshika mkanda uliofungwa kwenye kiti, ili mwanafunzi asipigize kisogo chini.

Sasa kuna miwani mikubwa inayoziba macho na kumwonyesha mtu njia ya picha za kompyuta, ukigeuza kichwa nayo picha inageuka. Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza ya kwanza mwaka 1968. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Oregon waliitumia kufundisha watoto walemavu kuendesha viti vya umeme. Faida yake iko wazi: ukuta wa picha hauvunji mguu, na mtoto anaweza kukosea mara mia. Lakini kiti cha umeme kinaendeshwa kwa kijiti. Sisi tunasukuma kwa mikono, na miwani haiwezi kuufanya mkono usikie uzito wa udongo mwekundu wa mwezi wa kwanza. Tena, ingawa maji ya Lufira yanazungusha mitambo ya Mwadingusha, si kila nyumba ya Kapolowe ina taa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataja hatua nane za kumpatia mtu kiti. Kumfundisha ni hatua ya saba, ya nane ni kutengeneza na kufuatilia. Mara nyingi ugawaji unaishia kwenye picha ya pamoja. Nchi yetu ina sheria ya haki za walemavu tangu tarehe 3 Mei 2022, basi siku hiyo mnayo haki ya kuuliza: nani atampima, nani atamfundisha?

Na mama unayemsukuma mwanao kwenye mteremko mkali: shuka kinyumenyume, wewe ukitangulia, kiti kikufuate polepole.