Mafuta Yanashukia Temeke

Karibu kila lita ya mafuta inayochomwa Dar es Salaam hushukia upande wa Temeke. Meli hufunga gati Kurasini au huunganishwa na boya la baharini huko Mjimwema, Kigamboni, mabomba huvuta mzigo hadi kwenye matangi, kisha malori hutawanyika: haya yanaelekea Bunju, yale Mbagala, mengine Zambia na Kongo. Kigamboni nayo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Temeke kabla ya kupewa wilaya yake. Watu wa Tandika na Mtoni wameishi miaka yote hiyo wakipishana na malori ya mafuta barabarani, lakini bei wanayolipa imekuwa ikiamuliwa mbali nao, na kwa namna iliyobadilika kila zama.

Zama ya kwanza ilikuwa ya serikali. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichojengwa kwa ubia na Waitaliano, kilianza kazi Kigamboni. Miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kupeleka mafuta Ndola, kwa kuwa Zambia ilihitaji njia isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Shirika la mafuta la taifa, TPDC, likaundwa mwaka 1969. Bei ilipangwa na serikali, na jukwaani hapakuwa na mgombea wa kuipinga: chama kilikuwa kimoja, na karatasi ya kura ya urais ilikuwa na jina moja la kukubali au kukataa.

Mishtuko ya bei za dunia ya 1973 na 1979 ndiyo iliyoutikisa mpango huo. Wa pili ulikuta hazina imekaushwa na Vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa haba, foleni zikaota kwenye vituo, magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yalizidi kupungua kwa kukosa vipuri, na mwaka 1983 serikali ikakubali daladala za watu binafsi zifanye kazi kihalali. Kwangu mimi, huo ndio mwaka mzito kuliko yote katika historia hii. Basi la shirika likila hasara, hasara ililipwa na serikali. Daladala haina wa kuibebea hasara. Mafuta yakipanda, mwenye gari bado anataka hesabu yake ya siku, dereva na konda wanatafuta pa kuitoa, na pa kuitoa ni mfuko wa abiria. Nauli halali isipopanda, gari linakatisha ruti: abiria wa Mbagala anashushwa Mtoni na kuambiwa atafute lingine.

Zama ya soko ilifuata. Biashara ya mafuta ilifunguliwa, TIPER ikaacha kusafisha mafuta mwaka 1999 ikabaki na kazi ya kuhifadhi, na kampuni zikawa zinajipangia bei. Sheria ya mwaka 2001 ikaunda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliyoanza kazi 2006, na kuanzia 2009 mamlaka hiyo ikawa inatangaza bei kikomo kwa kanuni inayojumlisha bei ya soko la dunia, usafirishaji, thamani ya dola, kodi, tozo na faida ya wauzaji. Siku hizi hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jioni yake utasikia watu wakiulizana sheli gani bado haijabadilisha kibao.

Wakati huohuo siasa za ushindani zilikuwa zimefika pembezoni mwa jiji. Temeke ilikuwa imeshampa ubunge Augustino Mrema wa upinzani katika uchaguzi mdogo wa 1996. Na ni Temeke, katika viwanja vya Mwembe Yanga, ambako Septemba 15, 2007, mbunge wa upinzani Dk. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Miezi mitano baadaye sakata la mkataba wa umeme wa Richmond likamwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani. Tangu hapo nishati ilipanda jukwaani kama habari ya wizi: nani alisaini, nani alilipwa, kiasi gani kilipotea. Hasira ya watu ilikuwa ya haki kabisa. Lakini iliziba swali la pili, dogo na la kila siku, la nani hulipa nini katika kila lita.

Swali hilo lililipuka katikati ya 2011. Kwanza ilikuja bajeti. Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alipandisha ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wafanyabiashara walikuwa wanachakachua, wanachanganya mafuta ya taa ya bei rahisi kwenye dizeli, wanaua injini za watu na kuikosesha hazina kodi. Mafuta ya taa yakikaribiana bei na dizeli, faida ya kuchanganya inakufa. Ila mafuta ya taa hayakuwa mali ya wachakachuaji peke yao. Huko Mbagala na Manzese yalinunuliwa gengeni kwa kipimo, yakimiminwa kwa faneli kwenye chupa ya soda, usiku yaingie kwenye kibatari na asubuhi kwenye jiko la mchina. Mwenye umeme alilindiwa injini yake. Asiye na umeme ndiye aliyelipia ulinzi huo.

Hata mwenye umeme mwaka huo alikuwa nao kwa zamu. Mgawo ulikuwa mkali kiasi kwamba mwezi Julai Bunge liligoma kuipitisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ya William Ngeleja, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba muda ikarekebishwe. Aliyekuwa msemaji wa upinzani kwa wizara hiyo ni John Mnyika, mbunge wa Ubungo, jimbo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni na lenye mitambo mikubwa ya gesi ya kuzalisha umeme.

Mwanzoni mwa Agosti, EWURA chini ya mkurugenzi wake Haruna Masebu ikarekebisha kanuni na kushusha petroli kwa takribani shilingi 200 kwa lita. Ilipaswa kuwa habari njema. Badala yake wauzaji wakafunga pampu. Kwa siku kadhaa vituo vilisema mafuta yameisha ilhali mzigo ulikuwepo matangini, petroli ikauzwa kwa madumu vichochoroni, daladala zikapungua, na watu wa Tegeta na Gongo la Mboto wakatembea. EWURA ilitoa amri mafuta yauzwe, kisha ikasimamisha kwa miezi mitatu leseni ya BP Tanzania, kampuni ambayo nusu yake ilikuwa mali ya serikali yenyewe. Kabla mwezi haujaisha bei ilipandishwa tena.

Wengi wanaukumbuka mgomo ule kama ushindi wa wafanyabiashara. Nauona kwa namna nyingine pia: ulifuatwa na mabadiliko. Kufikia 2012 nchi ilikuwa imeanza kuagiza mafuta kwa pamoja, kwa zabuni, badala ya kila kampuni kuleta meli yake na risiti yake. Hakuna mgombea niliyewahi kumsikia akijivunia mfumo huo jukwaani, ingawa umemgusa mwananchi kuliko hotuba nyingi.

Uchaguzi wa 2015 ulirudi kwenye makubwa. Mtambo wa IPTL uliopo Tegeta, Kinondoni, ulikuwa umezaa kashfa ya Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kutoka akaunti iliyokuwa Benki Kuu, na upinzani ukaubeba mzigo huo dhidi ya CCM. CCM nayo ikamkumbusha mgombea wa Ukawa, muungano wa upinzani, Lowassa huyohuyo, habari za Richmond. Oktoba 10, siku 15 kabla ya kura, Rais Kikwete akazindua bomba la gesi kutoka Mtwara. Mwaka 2020 John Magufuli aliomba kura akiwa na bwawa la Rufiji la megawati 2,115. Ni kazi kubwa hizo, na umeme wake unahitajika. Lakini daladala ya Chamazi haiendi kwa umeme wa bwawa.

Kisha ikaja 2022. Urusi ilivamia Ukraine mwezi Februari, na bei za dunia zikaruka. Mwezi Mei nauli ya kilomita 10 za kwanza ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Rais Samia Suluhu Hassan alitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni, lakini Agosti petroli ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita hata hivyo. Waziri wa Nishati alikuwa January Makamba, ambaye wakati wa mgomo wa 2011 aliongoza kamati ya Bunge ya nishati na madini.

Vita vya Ukraine havikuwa mikononi mwa Dodoma. Kodi na tozo, zaidi ya shilingi 800 katika kila lita, zilikuwa. Shilingi 100 kati ya hizo ziliongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani, na mwaka 2023 Bunge likaongeza 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Barabara na miradi vina hoja zake, na hoja hizo zingeweza kupelekwa kwenye viwanja vya Mwembe Yanga au Zakhem zikapimwa na wanaolipa. Zilipitishwa kwenye Sheria ya Fedha, katikati ya vipindi viwili vya uchaguzi.

Wenye vyombo hawakungoja. Bajaji na teksi zikaanza kufungwa mitungi ya gesi, zikapanga foleni ndefu kwenye vituo vichache vilivyokuwepo. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikapandisha nauli ya kilomita 10 hadi shilingi 600. Kwa aliyeunganisha magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, hiyo ilikuwa shilingi 2,400 kwa siku, kabla ya chai.