Wakfu wa Ng'ambo na Mtaji wa Fukara

 

Wazee wangu, ndugu zangu na dada zangu, fukara asiye na kitu apewe nini hata asirudi tena kuomba? Imam Nawawi, katika al-Majmu', amelijibu suala hili kwa hesabu ya sokoni. Fundi hupewa katika zaka thamani ya vyombo vya kazi yake. Mfanyabiashara hupewa mtaji wa biashara anayoijua. Muuza mboga zitamtosha dirhamu 5 au 10, ilhali muuza vito huenda akahitaji 10,000. Mwanachuoni mkubwa kama yule, na bado alikaa akapima mtaji wa muuza mboga!

Sasa tuvuke bahari twende Unguja, walikotoka wazazi wa wengi wetu tulioko hapa Ghubra. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria. Amri ile iliwawekea mabwana fidia. Mtumwa hakuwekewa kitu. Bali aliyedai uhuru wake alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Atayatoa wapi makazi mtu ambaye hata jana hakuwa akijimiliki nafsi yake?

Wengi walikwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Huko wenye mali, wakiwemo mabwana wa zamani, walikuwa wameweka ardhi wakfu kwa watumwa waliowaacha huru, kwa vizazi vyao na kwa maskini. Mtu alisimamisha nyumba ya miti na udongo, akaiezeka makuti, asilipe kodi ya kiwanja. Na kwa desturi ya Unguja, nyumba au mti huweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yake hasa: aliweza kuiuza, kupangisha chumba, kuwarithisha wanawe. Wanawake wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao wenyewe, na chumba kimoja cha kupangisha kilimtosha mjane asinyooshe mkono.

Wala tusijisifu mno kwa ukarimu wa babu zetu. Mikarafuu iliyowatajirisha ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watu hao hao. Mimi nauona wakfu ule kuwa, kwa sehemu, ni haki iliyorudi kwa wenyewe ikiwa imechelewa.

Mwaka 1905, zama za Sultani Ali bin Hamud, iliundwa Kamisheni ya Wakfu, na usimamizi ukawa karibu zaidi na maofisa wa Kiingereza. Miaka iliyofuata kodi ya ardhi ilienea Ng'ambo, ikapanda, hata ilipofika 1928 wakaazi wakagoma kuilipa. Nyumba ilikuwa ya maskini, lakini udongo uliokuwa chini yake ulisemewa na watu wengine. Hapo ndipo palipokuwa na upungufu: wanufaika walipewa manufaa, hawakupewa sauti katika usimamizi.

Haya si ya kale tu. Zakatul-fitri ni chakula, na ina wakati wake. Lakini zaka ya mali tunayoituma kutoka Maskati mara nyingi nayo hugeuzwa mchele na unga, ikaliwa kabla Shawwal haijamalizika, na mwakani majina ni yale yale. Katika orodha hiyo yumo mshona nguo asiye na cherehani na mvuvi anayekodi chombo cha mwenziwe. Ulizeni kwanza kazi ya mtu, ndipo mtume.

Na anayekusudia kuweka wakfu shamba au nyumba, Unguja au Pemba, aandike waziwazi katika hati: nani anufaike, kodi itozwe au isitozwe, na wanufaika wangapi wakae pamoja na msimamizi zinapofunguliwa hesabu.

Wallahu aalam.