Safari ya Siku Nne: Kutoka Ngorongoro Hadi Mlima wa Mungu

Natumaini kikundi kimekwisha kukusanyika, na katibu ana daftari na kalamu.

Leo hatutakaa darasani. Tutasafiri kwa miguu, kwa mawazo, siku nne katika nchi ya volkano iliyo kaskazini ya Tanzania, tangu Ngorongoro mpaka Ziwa Natron. Watalii wengi huifanya safari hii kila mwaka. Hutangulia kiongozi, kwa kawaida kijana wa Kimaasai aliyezaliwa huko huko. Hufuata askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Na nyuma huja punda waliobeba mahema na vyakula. Watalii huambiwa kwamba wanaingia katika pori. Sisi twende na swali moja, nalo katibu aliandike juu kabisa ya ukurasa: Nani alikaa hapa, na kwa nini aliondoka?

Kwanza neno moja juu ya kiongozi. Zamani, misafara ilipotoka Pangani na Tanga kwenda bara, mtu aliyetangulia aliitwa kirangozi. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, na mahali gani pana vita. Mjerumani Gustav Fischer alitoka Pangani, na mwaka 1883 akapita chini ya milima hii. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alitoka Tanga akapita Ziwa Manyara, akapanda mpaka Ngorongoro. Vitabu huandika kwamba mabwana hawa "waligundua" nchi. Lakini mtu huwezaje kugundua mahali alipopelekwa kwa njia iliyokwisha kukanyagwa?

Basi, siku ya kwanza tunasimama juu ya ukingo wa Ngorongoro. Hapa pana baridi, maana tuko zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari, na asubuhi ukungu huficha kila kitu. Ukungu ukiinuka, tunaona chini yetu bonde la mviringo lenye upana wa kilometa 19 hivi, na kina cha meta 600. Zamani palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Yapata miaka milioni mbili na zaidi iliyopita moto ulitoka, tumbo la mlima likabaki tupu, na kilele kikadidimia ndani. Hilo ndilo shimo tunaloliita kreta.

Nani alikaa hapa? Kabla ya Wamaasai walikuwako Wadatoga, ambao wengine huwaita Wamang'ati. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwapiga, wakawasukuma kusini. Hata leo Wadatoga husema kwamba wazee wao wamezikwa mle ndani ya kreta.

Wamaasai nao msiba uliwafuata. Kwanza mapafu ya ng'ombe wao yaliugua, kisha kama mwaka 1890 ikaingia sotoka, na baada yake ndui ikawapata watu wenyewe. Wamaasai huuita wakati ule Emutai, yaani kumalizika. Mfugaji akifiwa na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana cha kubadilishana na mkulima apate nafaka. Baumann alipofika Ngorongoro Machi 1892, aliwakuta watu waliokonda wakabaki mifupa, wakizunguka kambi yake kutafuta chochote cha kula. Wasikilizaji, naomba mlikumbuke jambo hili. Baadhi ya wageni wa miaka ile waliiona nchi ina watu wachache, wakaandika kwamba ni nchi isiyo na wenyewe. Hawakuona kwamba wamefika siku chache baada ya matanga.

Nchi ikionekana tupu, hupata mdai. Kabla ya vita ya 1914, ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba mle mle katika kreta, na mmoja wao alijenga nyumba karibu na Mto Munge. Magofu yake yamebaki. Vita ilipokuja, Wajerumani wakaondoka.

Alasiri tunafika Olmoti. Kwa Kimaasai jina hilo ni chungu cha kupikia, na kweli kreta yake ni ndogo, ya kina kifupi, yenye majani mazuri. Humo ndimo unamoanza Mto Munge, ambao huanguka kwa maporomoko na kuteremka mpaka kreta kubwa. Tunalala karibu na kijiji cha Nainokanoka.

Siku ya pili njia hupita katika uwanda mpana wa Bulati, wenye maboma na ng'ombe, halafu hupanda kuelekea Empakaai. Nilipokwenda mimi mwenyewe nilikuwa na viatu vipya, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Nikichechemea nyuma ya punda, nilimwuliza kiongozi wetu nani alichonga njia hii iliyonyooka vizuri namna hii. Akageuka, akanijibu, "Ng'ombe, mwalimu." Nikalifunga daftari kwa muda.

Empakaai ni kreta yenye upana wa kilometa sita hivi, yenye msitu kwenye kuta zake na ziwa la maji ya magadi chini, ambapo heroe huja. Siku isiyo na mawingu, ukisimama ukingoni waona Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, na mbali sana Kilimanjaro.

Hapa tuzungumze sheria. Mwaka 1951 Ngorongoro ilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukatokea ubishi mkubwa kuhusu wafugaji. Mwaka 1959 serikali ya Kiingereza ikaigawa nchi: Wamaasai wakatoka Serengeti, na Ngorongoro ikafanywa eneo la pekee ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Mwaka ule ule Gavana aliliambia baraza la Wamaasai kwamba, haja za wanyama zikigongana na haja za wenyeji, za wenyeji zitatangulia.

Yaliyofuata ni haya. Mwaka 1974 watu waliokaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa, na mwaka 2009 kikakatazwa tena. Wakati huo huo watu waliongezeka, kutoka kama 8,000 mwaka 1959 hata kupita 90,000 kwa hesabu ya 2017, na ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, kwa hiyo maskini wakawa wengi. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamisha jamaa kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali husema wahamao huhama kwa hiari, nayo huwajengea nyumba na kuwapa mashamba. Wengi wa waliobaki husema kwamba huduma zimepunguzwa ili wachoke. Mimi si hakimu wa shauri hili. Lakini historia niwafundishayo hainiruhusu kusema kwamba hapa palikuwa pori tupu.

Siku ya tatu tunapita Naiyobi, kisha tunaanza kuteremka. Magoti hutetemeka, joto huzidi kila saa, na mbele yetu unasimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, karibu meta 3,000, wenye ncha kali. Huu ungali hai. Lava yake haina mfano: imejaa magadi, tena joto lake ni digrii 500 hadi 600 tu, kama nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi kama lami, nayo ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona mwaka 1960, na wenzake walipata taabu kusadiki. Mlima ulilipuka mwaka 1966, na tena mwaka 2007, baada ya matetemeko ya Julai. Majivu yakaanguka juu ya malisho, na jamaa nyingi zikahama na mifugo yao. Lakini majivu hayo hayo, yaliyopeperushwa magharibi kwa maelfu ya miaka, ndiyo yaliyorutubisha majani mafupi ya Serengeti, ambayo nyumbu huyatafuta wakati wa kuzaa.

Siku ya nne tuko Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Ukienda kusini kwa gari chini ya ukuta wa Bonde la Ufa utafika Engaruka. Huko yako magofu ya vijiji, na mashamba ya mawe ya hekta 2,000 hivi, yaliyonyweshwa kwa mifereji kutoka vijito vya mlimani. Wakulima hao waliishi humo toka kama karne ya 15 mpaka karne ya 18. Waliondoka, pengine vijito vilipungua, pengine udongo ulichoka. Wasonjo, wakaao kaskazini, hunywesha mashamba kwa mifereji hata leo, na wengine huwafikiria kuwa jamaa zao.

Lakini kiongozi hatupeleki Engaruka kwanza. Anatupeleka kwenye uwanda wa majivu yaliyoganda kama saruji. Wenyeji wa hapa ndio waliopaona kwanza, kisha wakawaonyesha wataalamu. Ziko nyayo za watu zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika tope la majivu wakati fulani kati ya miaka 19,000 na 5,000 iliyopita. Watu 17 walikwenda pamoja upande mmoja, bila haraka. Kwa kupima nyayo, wataalamu wameona kwamba 14 walikuwa wanawake wazima; huenda walikuwa wakitafuta chakula. Kiongozi wetu alivua makubazi, akaweka mguu wake kando ya mmoja wa nyayo hizo, bila kuugusa. Ulilingana.

Kabla ya kuzima redio, kila kikundi kimteue mtu mmoja amwendee mzee wa kijiji amwulize nani alikaa hapa penu kabla yenu, na alikwenda wapi. Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini.