Ufa Unaorudi Kila Septemba

Kila mwezi wa Septemba ufa ule ule hurudi. Huanzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha wageni, hupanda kwa mshazari kuelekea paa, kisha hupotea karibu na bati. Shangazi amewahi kuuziba kwa sementi, kwa chokaa iliyochanganywa na gundi ya mbao, na mwaka mmoja kwa dawa ya meno. Septemba nyingine ikifika, mstari uko pale pale.

Nyumba yenyewe ipo Songea, upande unaotazama milima ya Matogoro. Babu aliijenga mwaka 1972 kwa matofali ya kuchoma. Mwaka juzi ndugu zangu walikaa kikao wakaamua ivunjwe, ijengwe ya tofali za sementi. Shangazi, ambaye ndiye anayelala humo, hakubisha. Aliomba jambo moja tu: kabla haijavunjwa, aitwe fundi mzee aliyewahi kufanya kazi na babu, aeleze ufa ule unatoka wapi. Wakakubali, kwa heshima ya mtu mzima.

Fundi alikuja na nyundo na patasi. Ufa hakuugusa. Alianza kubandua lipu pembeni yake, tabaka moja baada ya jingine, na mimi niliyeshika ndoo nikajikuta nasoma historia ya nyumba kuanzia mwisho.

Tabaka la juu lilikuwa la marehemu baba, la mwaka 2009. Sementi ngumu ya kijivu, debe moja kwa madebe matatu ya mchanga. Fundi aliigonga ikalia kama sahani. "Hii haijashika ukuta," alisema. "Imejishika yenyewe."

Chini yake kulikuwa na lipu ya mwaka 1983, ambayo ilikuwa karibu mchanga mtupu. Ukiisugua kwa kidole inamwagika. Hapo hapakuwa na fundi wa kulaumiwa. Kiwanda cha sementi cha Wazo Hill kilikuwa kikifanya kazi tangu 1966, lakini baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na bidhaa za madukani ziliadimika. Sementi ilipatikana kwa kibali. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilomita 1,000, na lami ya kutoka Makambako ilikuwa bado haijatufikia. Babu alipata mfuko mmoja. Akautandaza kwenye kuta nne.

Tabaka la tatu lilikuwa jembamba, jeupe: udongo wa bibi, aliokuwa akipaka kwa mkono. Na nyuma yake, matofali mekundu yaliyochomwa vizuri, yakiwa yameshikanishwa kwa tope.

"Umeona, Mama?" fundi alimwambia shangazi. "Tofali limechomwa, lakini kiungo chake ni tope."

Tofali la kuchoma lina historia yake katika Ungoni. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao ilichomwa moto mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Wajerumani walijibu kwa vitanzi na kwa njaa: Februari 1906 waliwanyonga viongozi wa Wangoni, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alikuwa miongoni mwa walionyongwa mwaka huo. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka. Wamisionari walirudi wakajenga upya, wakafundisha uashi, na kidogo kidogo nyumba ya tofali ikawa ndiyo nyumba ya mtu aliyeendelea.

Kabla ya hapo watu walijenga kwa miti na udongo. Wangoni walikuwa wametoka mbali kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na nyumba zao hazikujengwa zidumu karne. Mvua zikiisha, kuta zilikandikwa upya. Nyufa zilitarajiwa kama magugu yanavyotarajiwa shambani, na hapakuwa na aibu ndani yake.

Aibu ilikuja na sementi. Tulipoanza kuamini kwamba ukuta ukishapigwa lipu umekwisha, kila ufa ukawa shutuma. Lugha yenyewe inatusukuma huko: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata Mwalimu Nyerere, Machi 1995, alipotaka kuwaonya Watanzania kuhusu rushwa, udini na ukabila, aliviita nyufa, na kila aliyesikiliza alielewa. Methali ni ya kweli, ila haisemi uuzibe kwa nini. Sisi tulikuwa tumeziba miaka yote bila kuuliza.

Fundi aliuliza. Alitembea nje ya ukuta, akaonyesha bati lisilo na gata: maji ya mvua, ambayo kwetu huanza Novemba na kuishia Aprili, humwagika moja kwa moja kwenye msingi. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji na kuvimba. Kiangazi husinyaa, na mkaratusi ulio hatua nne kutoka ukutani humaliza unyevu uliobaki. Kwa hiyo Septemba msingi hukaa chini kidogo upande ule, na ukuta hupasuka mahali palipo dhaifu, yaani kwenye kona ya dirisha, maana juu hakuna mkanda wa zege. Tope lina uwezo wa kusogea kidogo bila kuvunjika. Sementi ngumu haina.

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hili kwa kuta zao za mawe na chokaa: ukuta laini ukivikwa koti gumu, unyevu hukwama ndani na koti hubanduka.

Sitaki kuipamba nyumba hii. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilionyesha nini huzipata kuta za tofali zisizofungwa kwa mkanda, na ndugu zangu hawakosei wanapoogopa. Lakini fundi alikuwa na bei yake, nayo ilikuwa ndogo sana kuliko ya nyumba mpya. Mkaratusi ulikatwa. Gata likawekwa, na mtaro wa kupeleka maji mbali. Mkanda wa zege ukamwagwa juu ya kuta. Lipu mpya ikachanganywa debe moja la sementi, moja la chokaa, sita ya mchanga, juu ya wavu wa kuku uliopigiliwa kukatiza ufa. Kwa siku saba shangazi aliimwagilia kama kitalu.

Kikao cha kuvunja kimeahirishwa. Septemba hii nilienda kuangalia. Ufa upo, mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Kando yake shangazi ameandika tarehe kwa penseli, na akaacha nafasi ya tarehe nyingine.