Redio Haikuwa na Kosa

Enzi za redio za mawimbi mafupi, jioni ikiingia Tarime, mzee aliisogeza redio dirishani, akavuta antena, akaipiga kofi mgongoni. Sauti ya mtangazaji ikaendelea kupanda na kuzama. Redio haikuwa na kosa. Kiasi cha kilomita 300 juu yetu kuna gesi ambayo jua limezinyang'anya atomi zake elektroni, na ukanda huu wa tropiki gesi hiyo huchafuka jua likishatua, ikiyavuruga mawimbi ya redio.

Wataalamu nao walilaumu kisicho na kosa. Mwaka 1946 James Hey na wenzake, Uingereza, walinasa mawimbi kutoka upande wa nyota za Cygnus yakipanda na kushuka, wakadhani chanzo chenyewe ndicho kinachobadilika. Kufikia 1950 ikajulikana ni tabaka letu hilihili la gesi. Mwaka 1964 watafiti wa Cambridge wakagundua kupanda na kushuka kwingine, yaani mmetameto, unaoletwa na upepo wa jua, gesi inayotiririka kutoka kwenye jua. Antony Hewish akajenga uwanja mzima wa antena kuuwinda, na mwaka 1967 mwanafunzi wake, Jocelyn Bell, akaona kwenye karatasi mapigo yanayorudi kila sekunde 1.337: pulsa ya kwanza, yaani nyota inayotuma mapigo ya redio.

Mapigo hayo nayo hayakutulia. Mwaka 1968 Peter Scheuer alieleza kwamba yanavurugwa na gesi iliyo kati ya nyota na nyota. Weka beseni la maji juani, ulitikise: mistari ya mwanga inacheza chini. Dunia yetu ndiyo sakafu ya beseni hilo.

Na msukosuko wenyewe una mpangilio. Mto Mara ukifurika, mzunguko mkubwa wa maji huzaa midogo, nayo huzaa midogo zaidi; mwanahisabati Kolmogorov aliuandikia mpangilio huo kanuni mwaka 1941. Mwaka 1995 Armstrong, Rickett na Spangler walionyesha kwamba gesi ya angani hufuata mpangilio unaokaribiana sana na huohuo, kuanzia mizunguko ya maelfu ya kilomita hadi ya miaka ya nuru.

Mwaka 2025 watafiti waliotumia MeerKAT, antena 64 za Afrika Kusini, walitangaza kwamba mmetameto wa pulsa J0437-4715 umewaonyesha matabaka 25 ya gesi, manne yakiwa ndani ya wimbi ambalo pulsa hiyo inalisukuma mbele yake. Jicho haliioni. Lakini Januari, mnamo saa tatu usiku, ukiwa Tarime ukaelekeza uso kusini, ipo karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini.