Hana Jina, Ana Namba Tu: Stori ya Inodi

Humu tumezoea kuwachambua watu bila kuwataja majina. Leo namleta mwingine wa hivyo hivyo, ila huyu anaishi ndani ya simu yako.

Mwezi uliopita blogu iligoma siku mbili, wengi mkaniuliza kulikoni. Kila nikipandisha picha naambiwa nafasi imejaa. Nikiangalia, nafasi ipo kibao, hata nusu sijafika! Jamaa wanaonikodisha seva hawakunieleza kitu cha kueleweka, ikabidi nisome mwenyewe. Kumbe kilichojaa ni inodi.

Turudi 1969, Murray Hill, New Jersey, Marekani. Bell Labs walikuwa wamejitoa kwenye mradi mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics, watafiti wao wakabaki wanatafuta cha kufanya. Ken Thompson, Dennis Ritchie na Rudd Canaday wakachora ubaoni namna mpya ya kutunza mafaili. Thompson akapata PDP-7, kompyuta iliyokuwa haina watumiaji wengi. Mkewe akasafiri na mtoto kwenda kusalimia wakwe, jamaa akabaki peke yake wiki tatu. Wengine hapo tungekula bata. Yeye akaandika mfumo uliokuja kuitwa Unix.

Sasa sikia ujanja wao. Kila faili lilipewa namba na kijikadi chake: ni la aina gani, lina ukubwa gani, nani anaruhusiwa kulisoma au kuliandika, na data zake zimelala wapi kwenye diski. Kadi hiyo ndiyo inodi. Jina je? Halimo! Jina linakaa kwenye folda, pembeni yake namba ya inodi, basi. Ni kama namba ya simu: kwangu nimeisevu "Baba Asha", kwako "Fundi Bomba", tukipiga anapokea mtu yuleyule.

Ndiyo maana ukibadili jina la muvi ya GB 2 haichukui hata sekunde, hakuna kinachohamishwa. Na faili moja linaweza kuwa na majina mawili. Inodi inahesabu majina hayo, ukifuta moja faili bado lipo. Hesabu ikifika sifuri ndipo nafasi inaachiwa, na hata hapo kama kuna programu imelifungua, linasubiriwa mpaka programu imalize. Yaani faili linaishi, linafanya kazi, jina halina popote. (Kuna mastaa wa hivyo mjini, nyamazeni.)

Ile herufi i mwanzoni? Ritchie aliulizwa miaka mingi baadaye, akakiri hata yeye hajui vizuri, anakisia inatokana na faharasa.

Linux ilirithi mpango huo, na Android imejengwa juu ya Linux. Kwenye diski nyingi za Linux idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, na wenye seva nao wanampimia kila mteja idadi yake. Faili liwe dogo kama punje, linakula inodi nzima. Programu ya blogu ilikuwa inatengeneza nakala kadhaa za kila picha, kubwa kwa ndogo, bila mimi kujua.

Nimefuta nakala usiku kucha, blogu ikafufuka. Picha za harusi ya yule mliyemkisia wenyewe sijazigusa, zipo.